Mtoto wa nyoka ni nyoka? Hesabu ya urithi inasomwa kinyume

Mhariri,

Kila baada ya wiki chache kurasa za sayansi za magazeti hutuletea habari ya namna moja. Watafiti wamegundua jeni ya ugomvi, au ya uvivu, au ya kutotulia kwenye ndoa. Tabia fulani ni ya kurithi "kwa asilimia 50". Wanaume wako hivi na wanawake wako vile kwa sababu mababu zetu walikuwa wawindaji. Kesho yake wasomaji hugawanyika: hawa wanasema mtoto wa nyoka ni nyoka, wale wanajibu mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kwamba biolojia haina la kutuambia kuhusu jamii. Nina lalamiko kwa pande zote mbili, ila kubwa zaidi nina lalamiko na hiyo asilimia 50. Ndiyo chanzo cha ugomvi, na karibu kila inapochapishwa hufafanuliwa kinyume.

Tuone kwanza inavyopatikana. Njia kongwe ni ya pacha. Pacha wanaofanana wametokana na yai moja lililogawanyika, kwa hiyo vinasaba vyao, yaani maandishi ya urithi ambamo jeni ni vipande, ni vilevile. Pacha wasiofanana ni kama ndugu wengine wowote wa baba na mama mmoja: katika zile sehemu za vinasaba zinazotofautiana kati ya mtu na mtu, wanashirikiana wastani wa nusu. Mtafiti hupima tabia moja, tuseme woga, kwa jozi nyingi za kila aina, kisha hutazama jozi zinalingana kiasi gani kwa kipimo cha 0 hadi 1. Tuseme wanaofanana wamepata 0.70 na wasiofanana 0.45. Toa, unabaki na 0.25. Zidisha kwa 2, kwa kuwa aina hizo mbili zimepishana kwa nusu tu ya vinasaba, unapata 0.50. Hiyo ndiyo asilimia 50 ya gazeti, ambayo wataalamu huiita kiwango cha urithi. Kutoka hapo hadi 0.70 kuna 0.20, ambayo huhesabiwa kuwa ni nyumba moja, chungu kimoja, wazazi walewale. Inayobaki, 0.30, ni mambo yaliyompata pacha mmoja bila mwenzake, pamoja na makosa ya kipimo chenyewe. Sehemu hii ya mwisho haitajwi kabisa magazetini, ingawa dodoso la maswali kumi lililojazwa harakaharaka linatosha kuinenepesha.

Hesabu ni nyepesi, lakini imesimama juu ya nguzo ambazo zinaweza kuyumba. Inachukulia kwamba pacha wanaofanana hawatendewi kwa kufanana zaidi kuliko wale wengine. Wakivalishwa sare, wakichanganywa majina, wakapewa marafiki walewale, ulinganifu wao unapanda na jeni zinapewa sifa isiyo yao. Inachukulia pia kwamba watu huoana bila kufuata tabia inayopimwa. Warefu wakioana na warefu, waliosoma na waliosoma, pacha wasiofanana watashirikiana zaidi ya nusu, ile tofauti ya 0.25 itapungua, na safari hii jeni ndizo zitakazopunjwa. Makosa yanaweza kwenda upande wowote, na anayejua utafiti wake huyataja kabla hajaulizwa.

Tukubali basi kwamba tarakimu ni safi. Mwaka 2015 ulichapishwa ujumuisho wa tafiti za pacha za takriban miaka hamsini: machapisho 2,748, jozi zaidi ya milioni 14, sifa na tabia zaidi ya 17,000. Wastani wa kiwango cha urithi ulikuwa asilimia 49. Kwa hiyo jeni zinahusika, na zinahusika karibu kila mahali, kuanzia shinikizo la damu hadi uchangamfu. Anayekataa hilo abishane na jozi milioni 14.

Ila tazama kinachogawanywa. Hakuna mtu ambaye nusu ya woga wake imetoka kwa wazazi na nusu mtaani. Kinachogawanywa ni tofauti kati ya watu, katika kundi lile lililopimwa, wakati ule lilipopimwa. Idadi ya vidole vya mkono imeandikwa kwenye jeni kuliko karibu kitu chochote, lakini kiwango chake cha urithi ni kidogo mno, kwa sababu anayekuwa na vidole vinne mara nyingi amepoteza kimoja kwa mashine au ajali. Upande wa pili, katika jamii ambayo wanawake peke yao huvaa hereni, kuvaa hereni kutaonekana kuwa kwa kurithi karibu kwa asilimia mia: anayevaa ana kromosomu mbili za X, asiyevaa ana X na Y. Hakuna jeni inayotoboa sikio. Wanaume wakianza nao kuvaa, kiwango cha urithi kitaporomoka bila kinasaba hata kimoja kubadilika.

Mfano ninaoupenda zaidi ni kimo, kwa sababu rula haina upendeleo. Kiwango cha urithi cha kimo ni kama asilimia 80, juu kuliko tabia nyingi zinazobishaniwa magazetini. Hata hivyo, wanawake wa Korea Kusini waliozaliwa 1996 wamewapita waliozaliwa 1896 kwa sentimita 20. Karne moja ni vizazi vinne hivi, na uteuzi asilia haujengi sentimita 20 kwa vizazi vinne. Kilichobadilika ni chakula, maji safi, na maradhi ya kuhara ya miaka miwili ya mwanzo, ambayo humnyang'anya mtoto kile alichokula. Na katika muda huo wote watoto wa warefu waliendelea kuwa warefu kuliko watoto wa wafupi. Hesabu za pacha haziioni ngazi ambayo wote wamepanda pamoja, kwani zinalinganisha watu waliosimama juu yake kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo "ni ya kurithi" haimaanishi "haibadiliki". Madaktari wa watoto wanalijua hili kuliko wanasiasa. Kuna ugonjwa uitwao fenilketonuria: mtoto hurithi nakala mbili mbovu za jeni moja, ini linashindwa kuvunja fenilalanini inayotoka kwenye protini, fenilalanini inajazana kwenye damu na kuharibu ubongo unaokua. Ni ugonjwa wa jeni kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini tiba yake ni sahani. Tone la damu ya kisigino hupimwa siku za mwanzo baada ya kuzaliwa, na mtoto akianzishiwa mapema maziwa maalumu yenye fenilalanini kidogo, kisha akaepushwa nyama, mayai na maziwa ya kawaida, akili yake hukua vizuri. Mahali panapoharibika panajulikana pia. Ukichelewa miezi, madhara hayarudi nyuma. Ukikaza masharti kupita kiasi, mtoto anadumaa, kwa kuwa mwili unaihitaji fenilalanini kiasi fulani. Na mwanamke mwenye ugonjwa huo akiacha masharti akiwa mjamzito, kijusi huathirika hata kama chenyewe hakikuurithi. Hapo jeni za mama zimegeuka kuwa mazingira ya mtoto. Sijui upande wa nyoka au upande wa malezi utamweka wapi mtoto huyo.

Sasa tuje kwenye "jeni ya" kitu fulani. Mwaka 1993 ilielezwa familia moja ya Uholanzi ambamo wanaume kadhaa walikuwa na udhaifu wa akili na milipuko ya hasira. Walikutwa na hitilafu iliyozima kabisa jeni ya MAOA, inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja serotonini, dopamini na noradrenalini, kemikali zinazopeleka ujumbe kwenye ubongo. Hitilafu hiyo ni nadra mno. Kuna jambo lingine tofauti: umbo la jeni hiyohiyo linalofanya kazi kwa unyonge, ambalo ni la kawaida kabisa na limebebwa na mamilioni ya wanaume wasiomgusa mtu. Magazeti yaliyachanganya mambo hayo mawili chini ya jina la "jeni ya shujaa wa vita".

Utafiti uliolipa umaarufu lile umbo dhaifu ulitoka New Zealand mwaka 2002, na ulikuwa wa makini kuliko wengi waliounukuu. Haukusema kwamba jeni huleta ukatili. Ulisema kwamba wavulana waliotendewa vibaya utotoni walielekea zaidi kwenye uhalifu kama walikuwa na umbo dhaifu, na kwamba jeni peke yake haikuonyesha kitu cha maana. Hesabu watu, lakini. Wavulana walikuwa 442. Waliotendewa ukatili mkubwa walikuwa asilimia 8, yaani kama 35. Wenye umbo dhaifu katika kundi zima walikuwa kama asilimia 37, na asilimia 37 ya 35 ni watu kumi na watatu. Jina la jeni lililozunguka dunia na kuingia hadi mahakamani liliegemea, katika kona yake iliyo muhimu zaidi, watu wasiojaza basi dogo.

Enzi ile ya kuchagua jeni moja unayoidhania na kuipima kwa watu mia chache imeisha vibaya. Mwaka 2019 jeni 18 zilizosifika zaidi kwa kuleta sonona zilijaribiwa kwa takwimu za mamia ya maelfu ya watu. Hazikufanya vizuri kuliko jeni zilizookotwa kibahati. Sababu inaeleweka: binadamu ana jeni kama 20,000 za kutengeneza protini na herufi bilioni 3 za vinasaba, na ukipima vitu vingi kwa watu wachache, bahati itakupa "ugunduzi" kila wiki, nao majarida huchapisha uliofaulu na kuuacha ulioshindwa.

Siku hizi hupekuliwa vinasaba vyote kwa pamoja, kwa umati. Kwa miaka ya masomo ambayo mtu hufikia, utafiti wa 2013 ulikuwa na watu zaidi ya 120,000, na kila badiliko lililopatikana lilieleza kama asilimia 0.02 tu ya tofauti. Utafiti wa 2022 ulifika watu milioni 3. Maelfu ya mabadiliko yakijumlishwa kuwa alama moja, alama hiyo ilieleza asilimia 12 hadi 16. Si kidogo. Lakini ukilinganisha ndugu wa nyumba moja badala ya watu wasiohusiana, nguvu ya alama hushuka hadi karibu nusu. Watafiti wa Iceland walionyesha mwaka 2018 sababu mojawapo: hata zile nakala za jeni za mzazi ambazo mtoto hakuzirithi huonekana kwenye elimu ya mtoto. Haziko mwilini mwake, kwa hiyo zimepitia njia moja tu, nyumba ambayo mzazi ameijenga.

Upande wa pili wasishangilie. Wapo wanaosema tabia ya binadamu ni karatasi tupu ambayo jamii inaandika itakacho, nao wanakwama kwenye ukweli ulio wazi. Chukua mauaji. Duniani kote, katika takwimu za Umoja wa Mataifa, karibu washukiwa tisa kati ya kumi ni wanaume, na vijana ndio wengi. Hali ni hiyo kwenye nchi tajiri na maskini, zenye dini hii na ile. Wanyama wengi wanaonyonyesha wana tofauti kama hiyo, na nadharia ya mageuko ina maelezo yake: jinsia ambayo uzazi wake unategemea kuwashinda washindani ndiyo inayojihatarisha zaidi. Tarakimu hii haifutwi na semina.

Kisha tazama tarakimu ya pili. Japani huua watu wasiofikia mmoja kwa kila 100,000 kwa mwaka. El Salvador mwaka 2015 ilipita 100. Wanaume wa nchi hizo mbili wana testosteroni, ile homoni ya kiume, wana ujana, wana wivu, na wamepishana zaidi ya mara mia. El Salvador yenyewe ilishuka chini ya 40 kufikia 2019, miaka minne tu, watu walewale na jeni zilezile. Biolojia inaeleza vizuri nani zaidi atashika kisu. Ni visu vingapi vitashikwa, hilo huamuliwa kwingine. Anayeuliza "ni asili au ni jamii?" ameunganisha maswali mawili yenye majibu tofauti.

Kinachokosekana katika mjadala ni kwamba mara nyingi mageuko hayaachi amri ndani yetu. Yanaacha kanuni yenye sharti: hali ikiwa hivi, fanya vile. Damu nzito kuliko maji, tunasema, na mwanabiolojia William Hamilton aliiweka kwenye hesabu mwaka 1964: kumsaidia jamaa huenea pale faida yake, ikizidishwa kwa kiwango cha udugu, inapozidi gharama yako. Ndugu wa baba na mama ni 0.5, wa mzazi mmoja 0.25, binamu 0.125. Gharama ikiwa 1, ndugu lazima afaidike zaidi ya 2, binamu zaidi ya 8. Vizuri, lakini mtu anamtambuaje ndugu? Hakuna kiungo cha mwili kinachosoma vinasaba vya mwenzako. Mtaalamu wa jamii Edward Westermarck alipendekeza jibu tangu 1891: wanaolelewa pamoja tangu utoto mdogo hupoteza hamu ya kimapenzi baina yao. Mwanaanthropolojia Arthur Wolf aliijaribu hoja hiyo Taiwan, ambako familia zilikuwa zikichukua mtoto wa kike mchanga na kumlea kama mchumba wa mwanao. Hawakuwa na udugu wowote wa damu, na desturi iliwataka waoane. Ndoa zao zilikuwa na watoto wachache na talaka nyingi kuliko za wachumba waliokutana wakubwa. Kanuni iliyojengwa kuepusha ndugu ilisoma dalili yake, yaani malezi ya pamoja, ikafunga mlango kwa wasio ndugu. Huo ni urithi au malezi? Ni urithi unaosubiri malezi yauambie la kufanya.

Homoni nazo zina tabia hiyo. Huko Cebu, Ufilipino, wanaume 624 walipimwa testosteroni mara mbili, kwa kupishana miaka minne na nusu hivi, matokeo yakachapishwa 2011. Waliokuwa nayo juu mwanzoni walipata wenza na kuwa baba kwa wingi zaidi. Baada ya kuwa baba ilishuka, na ilikuwa chini zaidi kwa waliomhudumia mtoto saa tatu au zaidi kwa siku. Anayesema homoni za mwanamume hazimruhusu kulea ameshika mshale kwa upande wa ncha.

Na hizo hadithi za mababu wawindaji? Nyingine ni sahihi, nyingi ni ngano zilizovalishwa koti la maabara. Kipimo kizuri ni maziwa. Kwa mnyama anayenyonyesha, laktezi, kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa, hupungua baada ya kuacha ziwa, na ndivyo ilivyo kwa takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani. Waliobaki wanaendelea nacho. Badiliko lenyewe linajulikana, ni herufi moja karibu na jeni ya laktezi. Mwaka 2007 ilithibitishwa kwamba wafugaji wa Afrika Mashariki wana mabadiliko yao, tofauti na lile la Ulaya, kwa hiyo jambo lilitokea zaidi ya mara moja, miongoni mwa wafugaji tofauti. Mabaki ya mafuta ya maziwa kwenye vigae vya vyungu vya Anatolia (Uturuki ya leo) yana zaidi ya miaka 8,000, ilhali mifupa ya kale ya Ulaya inaonyesha kwamba badiliko lao lilienea maelfu ya miaka baadaye. Utamaduni ulitangulia, jeni zikafuata. Hapo tuna badiliko lililotajwa, tarehe, na jaribio lililorudiwa na historia yenyewe. Hadithi ya kwa nini wanawake wanapenda rangi fulani haina hata kimoja.

Kosa moja zaidi siliachi lipite, kwa kuwa lina damu mkononi. Ni kuchukua kiwango cha urithi ndani ya kundi na kukitumia kueleza tofauti kati ya makundi. Chota mbegu mchanganyiko kutoka gunia moja, nusu zipande kwenye udongo wenye rutuba, nusu kwenye udongo uliochoka. Ndani ya kila shamba, tofauti ya urefu itatokana na mbegu peke yake. Kati ya mashamba mawili itatokana na udongo peke yake. Zile alama za elimu zimetengenezwa kwa watu wenye asili ya Ulaya, na zikipelekwa kwa watu wa asili nyingine nguvu yake huporomoka, lakini bado wapo wanaozitumia kupanga mataifa. Mwanajenetiki Richard Lewontin alishaonyesha mwaka 1972 kwamba takriban asilimia 85 ya tofauti za kijeni za binadamu zimo ndani ya kundi lolote utakalolichukua. Kabla yake, wasioijua hesabu ya namna hii walitunga sheria. Jimbo la Indiana, Marekani, lilianza mwaka 1907 kuwafunga watu kizazi kwa nguvu, Mahakama ya Juu ya Marekani ikabariki sheria ya namna hiyo mwaka 1927, na zaidi ya watu 60,000 nchini humo walikatwa uzazi kwa hoja ya "damu mbaya".

Ombi langu kwa dawati lako ni la kazi za kila siku. Habari ya jeni na tabia ikija, mwandishi aulize waliopimwa ni wangapi, na katika kona ile iliyobeba kichwa cha habari wamebaki wangapi. Aulize tabia imepimwaje: hati ya mahakama, rula, au dodoso. Aulize kama matokeo yamerudiwa na kundi jingine, kama ndugu wa nyumba moja wamelinganishwa, na waliopimwa wana asili ya wapi. Asilimia ya urithi isichapishwe bila jina la kundi na mwaka. Na neno "ya" katika "jeni ya ugomvi" litolewe. Kichwa sahihi kingekuwa "Maelfu ya mabadiliko madogo ya vinasaba yahusishwa kwa pamoja na sehemu ya tofauti za elimu kati ya watu wenye asili ya Ulaya". Najua hakitoshi kwenye safu mbili. Kipeni tatu.

Wako,
Mwalimu wa biolojia